Ua Ambalo Casilda Hakunipa

Padre Honorato, Aurora mwanetu, ndugu, majirani wa Valdezarza, na ninyi wageni mliotoka Madrid na kalamu zenu, familia imenipa mimi, Benilde Ayuso, dada wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nimeikubali kwa sharti kwamba nisome niliyoyaandika mwenyewe, si yale ya magazetini, kwa sababu magazeti yote yanaanzia kwenye kitabu chake cha kwanza, na kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshalala naye kitanda kimoja maisha yake yote.

Marehemu Casilda Ayuso Romeral alizaliwa hapa Valdezarza tarehe 3 Novemba 1930, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Fermín Ayuso na Bibi Tomasa Romeral, katikati ya msimu wa zafarani, mama akiwa mezani na wanawake wenzake wakichambua maua, wakinyofoa zile nyuzi nyekundu ambazo ndizo zafarani yenyewe, akainuka, akajifungua, na baada ya siku mbili akarudi mezani na kitoto kifuani. Tangu hapo kila aliyeingia nyumbani kwetu aliuliza kama mtoto hajambo, na hakuna aliyeuliza habari zangu, nami nilikuwa na miaka mitatu na surua mwili mzima.

Alianza shule mwaka 1937 kwa mwalimu wetu Bibi Virtudes, na baba alipouawa vitani mwaka uliofuata ikabidi mmoja wetu aache masomo akafanye kazi mashambani, mama akanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa mkubwa na mwenye mgongo imara, hivyo Casilda akaendelea hadi mwaka 1944, na kila jioni alinisomea aliyojifunza siku hiyo, akidhani ananifurahisha.

Wameandika kwamba ushairi wake ulitokana na upweke wa nyanda zetu, na ningependa kujua ni upweke gani huo, maana nyumba yetu haikuwahi kuwa na kiti kitupu. Ushairi wake ulitoka kwenye meza ya zafarani, ambako, kama mnavyojua, anayechambua humrushia jirani yake ubeti wa mistari minne, jirani naye lazima ajibu kwa ubeti, na akikwama humwagiwa kichwani yale maua yaliyokwisha kunyofolewa nyuzi. Oktoba 1939, Casilda akiwa hajatimiza miaka tisa, shangazi Gumersinda alimchokoza kwamba vidole vyake vimelala usingizi, naye akajibu bila hata kuinua uso:

Shangazi ana vidole
vinavyochuma upesi,
lakini ulimi wake
una mbio za farasi.

Meza nzima ilicheka mpaka watu wakashika mbavu, na shangazi mwenyewe akachota maua akajimwagia kichwani, jambo ambalo halijawahi kutokea tena katika kijiji hiki. Mimi nilikuwa na misimu mitatu kwenye meza ile, sijawahi kumchekesha hata paka, na kila jioni mama alinichambua maua kutoka kwenye nywele, na roho iliniuma, nasema mbele yenu na mbele ya jeneza.

Mwaka 1949 alipeleka shairi kwenye mashindano ya wilaya, yale ya sikukuu ya Bikira, tarehe 8 Septemba, ambapo mshindi hutuzwa ua bichi, naye hulitoa kwa msichana amtakaye, na msichana huyo huwa malkia, hupandishwa kitini, na hana ruhusa ya kuondoka mpaka dansi ya mwisho. Mashairi hupelekwa bila jina, na waamuzi, ambao hawakuwahi kufikiria kwamba mwanamke angeweza kushinda, walipofungua bahasha ya mshindi wakakuta jina la Casilda walinong'onezana weee, hatimaye mmoja akashauri akae kitini yeye mwenyewe yaishe, lakini Casilda akasema desturi ni desturi, ua atalitoa.

Benchi la mbele tulikaa mimi na jirani yetu Amparo Villarrubia, ambaye leo yuko safu ya pili, mwenye shela ya kijivu. Casilda akashuka ngazi na waridi jekundu mkononi, macho yake kwangu, nami nikasimama, wote mliokuwepo mliniona nimesimama, akanipita, akampa Amparo. Amparo, ambaye hajawahi kutunga mistari miwili ikafanana mwisho, na hili silisemi kwa chuki, nalisema kwa wivu, ambao ni kitu kingine. Yeye akapandishwa kitini akacheza na wakubwa, na mimi na Casilda tukarudi kijijini kwa miguu, jua likiwa bado kali, yeye akiongea njia nzima, mimi kimya.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952, na mengine mnayajua kuliko mimi, alifanya kazi maktaba huko Toledo kuanzia mwaka 1953, tarehe 2 Juni 1956 akafunga ndoa na Eusebio Torija, fundi saa, aliyemtangulia mwaka 1988, wakajaliwa mtoto mmoja, Aurora. Eusebio naye hakuwahi kupewa ua, na kwa hilo nilimpenda sana.

Alianza kuugua moyo Januari mwaka huu, na mwezi Agosti akataka kurudi Valdezarza, tukaweka kitanda chake chumbani kwangu, na mchana mmoja nikimlisha supu ya vitunguu saumu nikamwuliza kwa nini Amparo.

"Dada, mpaka leo uko na lile ua tu?"

"Nijibu."

"Malkia ilikuwa lazima abaki. Ningekupa wewe, ningerudi nyumbani na nani? Nilitaka kuondoka palepale, nawe."

Nikamwambia angeweza kunieleza palepale njiani, akasema, "Ulikuwa umenuna, nikakuogopa," akafungua mdomo nimpe supu. Nilidhani wivu ungeisha siku ile, haukuisha, maana ua nililitaka, na bado nalitaka.

Aliaga dunia Jumatatu tarehe 25 Oktoba 1993, saa nne asubuhi, wanawake wa nyumba ya pili wakiwa mezani na maua yao. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Toledo, wenzake wa maktaba, majirani waliokesha nasi, na wale wanawake walioacha zafarani inyauke wakaja kumvika.

Namshukuru pia Amparo, ambaye leo asubuhi alikuja na lile waridi, limekauka ndani ya bati la biskuti, akaomba aliweke juu ya jeneza, nami sikumjibu. Namjibu sasa. Liweke, Amparo, ni lako, alikupa wewe, halafu urudi ukae, malkia hukaa. Gari la familia limeletwa mlangoni, wapande wengine, makaburi yako kwenye barabara ileile tuliyorudi nayo siku ile, na mimi nitakwenda naye kwa miguu, safari hii nikiongea mimi. Casilda, mdogo wangu, utapumzika kwa amani tukishafika, njiani bado tuna maneno.