Hukumu Haikuwa Yangu Kutoa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe hata leo. Wengi mnanijua kama Mama Brenda, yule anayefanya kazi ya kuwatunza wazee kule Edgbaston, hapa hapa Birmingham. Kwa wageni, mimi ni mjane. Mume wangu Zablon aligongwa na gari mtaa wa Aston akivuka barabara kwenda kazini. Taa ilikuwa nyekundu kwa magari, naye alikuwa na haki ya kuvuka. Aliyemgonga ni dada yetu wa ushirika huu huu. Sitamtaja jina. Naye ni mtunza wazee kama mimi, alikuwa akikimbia kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, hakuiona taa.

Baada ya mazishi, wazee wa kanisa walinijia na chapati na sufuria ya maharagwe. Walikaa, wakaomba, kisha wakasema yale yaliyowaleta. Niwaambie polisi nimesamehe, mambo yaishie hapa kwetu, kama tunavyofanya nyumbani. Niliwajibu kwamba hapa Uingereza kesi ya namna hii ni ya Mfalme, yaani ya serikali, wala si yangu. Hata nikitaka kuifuta siwezi. Nikawaambia hivyo kwa furaha mbaya, ndugu zangu, na chapati zao sikuzigusa.

Nilimchukia yule dada. Nisiseme maneno ya kupamba. Nilipopika nilimfikiria yeye, nilipomwogesha mgonjwa nilimfikiria yeye, nilipofumba macho kuomba niliona uso wake. Niliomba afungwe maisha. Nilimwomba Mungu wa rehema jambo hilo, na nikasema amina.

Tulikuwa na afisa wa polisi aliyepewa kazi ya kutusaidia sisi familia, mama mmoja mtaratibu. Alinieleza kwamba dada amekiri kosa, kwa hiyo kilichobaki ni adhabu. Akanieleza kwamba adhabu ni za namna nyingi: kuna faini, kuna kutumikia jamii bila malipo, kuna kifungo kinachoahirishwa, na kuna gereza lenyewe. Mimi nilisikia gereza tu. Ndipo akasema kwamba ninaruhusiwa kuandika maelezo yangu na kuyasoma mbele ya jaji, nieleze kifo hiki kimetufanya nini.

Niliandika kurasa nyingi, nikampelekea. Akazisoma zote, akazirudisha mezani polepole. Akanieleza kwamba sheria hainiruhusu kumwambia jaji atoe adhabu gani. Hiyo ni kazi ya jaji. Kisha akasema neno ambalo sikulipenda kabisa.

"Umeandika habari za huyu dada tu," alisema. "Jaji hatajua mume wako alikuwa nani."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikaketi jikoni na karatasi mpya, nikaandika jina, Zablon, nikasimama hapo. Ndugu zangu, sikuwa na la kuandika! Mtu niliyeishi naye, niliyezaa naye. Nilitafuta sauti yake nikaikosa. Nilitafuta kicheko chake, ukanijia uso wa yule dada. Chuki ilikuwa imekaa ndani yangu muda mrefu hivi kwamba mume wangu hakuwa na mahali pa kukaa. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimemzika mara ya pili, na mara hii kwa mkono wangu.

Nikamwita binti yangu Brenda. Mnawajua watoto wetu wa hapa, unasema Kiswahili wanajibu Kiingereza. Nikamuuliza anakumbuka nini juu ya baba yake. Akasema:

"He wore two coats, Mum. Hata June."

Makoti mawili! Nilikuwa nimesahau. Zablon hakuwahi kuiamini hali ya hewa ya Birmingham hata siku moja. Alivaa makoti mawili Juni, jua likiwaka, huku Waingereza wamevua mashati. Tulicheka na mtoto, kisha tukalia, na ndicho kilio changu cha kwanza kwa ajili yake yeye. Kabla ya hapo nilikuwa nikililia hasira tu. Nikaandika makoti. Nikaandika alivyomenya chungwa bila ganda kukatika. Nikaandika alivyomwamkia kila dereva wa basi akamwita mkubwa.

Siku ya hukumu niliyasoma hayo. Jaji alisikiliza. Kisha akasema kwamba sheria inamtaka apime mambo: kumwadhibu mkosaji, kupunguza uhalifu, kumrekebisha mtu, kuwalinda wengine, na kumfanya afidie aliowaumiza. Mimi nilikuja kwa ajili ya lile la kwanza. Akasema hakuna adhabu inayoweza kulingana na uhai wa Zablon, na yeye hatajaribu kujifanya ipo. Akatoa kifungo, kisha akakiahirisha, kile tunachoita nyumbani kifungo cha nje. Atumikie jamii, asiendeshe gari, na akivunja masharti au akikosa tena anaweza kuingizwa ndani.

Nyuma yangu mmoja wetu akasema, "Asante Yesu." Nami mjane nikisikia. Neno lile bado linaniuma, na aliyelisema anajijua.

Tulipanda basi kurudi. Niliketi ghorofa ya juu ya basi, nikangoja chuki inijae kama kawaida. Ilikuja. Lakini safari hii haikunikuta peke yangu. Zablon alikuwepo, na makoti yake mawili, na chungwa lake. Nikasema, Bwana, nimechoka kukaa kwenye kiti cha jaji, si changu, nishushe. Naye akanishusha. Sikushuka na furaha, nawaambia ukweli. Nilishuka nikiwa mjane tu, mwenye huzuni ya mjane, na huzuni hiyo ni yangu, nimeshukuru kuipata.

Kwa hiyo wewe uliyeumizwa, unayeamka ukimhukumu mtu na kulala ukimhukumu, mwamini Bwana. Mpe hicho kiti. Atakurudishia wafu wako uwalilie.

Mmoja wenu aliniuliza asubuhi kwa nini nimevaa koti kubwa hivi. Ni lake. La ndani pia ni lake.

Dada yule ameketi kule mwisho, karibu na mlango mkubwa. Tangu hukumu nimekuwa nikitokea mlango wa jikoni hapa kanisani ili nisimpite. Sijamsalimia, na sijui nikimfikia nitaweza kusema nini. Mchungaji, naomba mtu asimwambie ahame, na mtu asinishike mkono. Leo natokea mlango ule.