Matanga ya Aliye Hai

Teksi ya Morningside, basi dogo la abiria, ilikuwa haijatoka kituo cha Warwick, na tayari Félicité alikuwa akisikiliza yasiyomhusu. Kwenye kiti cha mbele yake kinyozi Mkongo, Serge, alikuwa akimweleza msichana Mkenya anayesomea muziki kwamba Jumamosi dada yake anahamia Kanada, na kwamba yeye, Serge, ameikataa karamu ya kumuaga. "Tucheze ngoma juu ya mtu anapotea? Hapana, dada."

"Waayalandi wa zamani walicheza," msichana akasema. "Kijana akienda Amerika, fidla ililia usiku kucha, watu wakacheza mikono imenyooka ubavuni, miguu tu ndiyo inafanya kazi."

"Kama askari kwenye gwaride."

"Na alfajiri wamama wazee walimlilia kama maiti. Yalikuwa matanga kabisa, na mwenyewe amesimama hapo na sanduku lake."

"Mtu iko anapumua, munamulilia? Huo ni uchawi."

"Walijua hawatamwona tena. Wako atarudi?"

Félicité alimwona msichana ana mdomo, lakini swali lilikuwa la haki. Yeye mwenyewe alitoka Bukavu mwaka wa tisini na sita, mbio, bila wa kumlilia.

Baada ya robot, taa za kuongozea magari, Serge aliomba kushuka. Mguu mmoja ukiwa chini, aligeuka. "Na hao wamama, walinyamazaga lini?"

Dereva akaondoa gari kabla msichana hajafungua kinywa. Félicité alikuwa ameinama mbele, naye akingoja jibu.