Athanas Dominiko Kobelo (1999–2025), Aliyetuomba Chandarua

Wakubwa wote, shikamooni. Nimepewa kusoma maisha ya kaka yetu Athanas. Nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Julai 1999 hapa Matombo, mtoto wa kwanza wa Mzee Dominiko na Mama Melania.

Alisoma shule ya msingi hapahapa. Sekondari aliiacha kidato cha pili kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Darasani alivaa sweta hata Januari, wenzake wakamwita Babu. Naye akawa anawaitikia, "Marahaba, wajukuu," kabla hawajamwamkia.

Mwaka 2017 alipimwa Morogoro mjini akakutwa na selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Nesi alimchorea kwenye daftari: kinasaba kimoja cha ugonjwa kimetoka kwa baba, kimoja kwa mama. Mwenye kimoja tu kwa kawaida haugui sikoseli, na malaria kali humpata kwa nadra. Mwenye viwili anaugua, na malaria inaweza kumuua upesi. Athanas alituletea daftari hilo tulione. Sisi tulizoea kujisifu kwamba malaria si ugonjwa wa ukoo wetu. Mjomba Benedikto akamwambia, "Mpwa wangu, mbu wa huku wanatuogopa." Tukacheka. Athanas naye alicheka, akalifunga daftari.

Alijifunza cherehani, akashona mabegi karibu na stendi ya Msamvu kwa miaka saba.

Alipomchumbia Felista, alitaka apimwe kwanza. Mjomba akakasirika: "Unampima binti wa watu kama ng'ombe wa mnada?"

Felista akasema, "Acha nipimwe, Mjomba. Na mimi nitampima yeye, kama anajua kuchota maji."

Hakukutwa na kinasaba hicho. Walifunga ndoa tarehe 20 Januari 2024. Mtoto wao Agustino alipozaliwa, Athanas alisema, "Huyu kwangu kachukua kimoja tu. Kimoja kinamtosha."

Tarehe 2 Mei mwaka huu alikuja kumsaidia mama kuvuna mpunga. Chandarua alichotuletea mwaka jana tulikuwa tumefunikia kitalu cha nyanya, kuku wasichakure. Alikiona. Akasema, "Mama, naomba kile nilalie." Mama akamjibu, "Subiri miche ishike, mwanangu." Hakuomba tena.

Tarehe 16 alishikwa na homa. Tulisema ni mifupa yake ya siku zote. Tulimkanda kwa maji ya moto na kumpa dawa za maumivu siku mbili. Siku ya tatu tukampeleka hospitali, wakampima, ikawa malaria. Damu ilikuwa imemwishia. Alifariki tarehe 19 Mei 2025, saa kumi jioni. Mama alikuwa amemshika miguu, bado anaikanda.

Jana mama alikitoa chandarua kwenye kitalu, akakifua. Kuku wamekula miche yote, hakuna aliyewafukuza. Kile pale kwenye kamba. Felista atakwenda nacho, Agustino alale ndani yake, maana nesi alisema hata mwenye kimoja asilale bila chandarua. Safari hii tumesikia.

Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa miezi saba, baba, mama, mjomba na mdogo wake wa kike anayesoma haya.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali pasipo na maumivu ya mifupa.

Shikamoo, Babu.