Royce Tillery na Vigari Visivyosikika

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, Bwana Royce Tillery anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Pinckard kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hesabu hii imetoka kwenye faili lake na imepitiwa mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe husema ni thelathini na tatu, na mkewe, Bi. Verlene, husema ni hamsini.

Alipoajiriwa Agosti 1991, karakana ilitengeneza vigari vya umeme vya viwanja vya gofu, basi. Vilikuja na betri zilizochoka, vikaondoka na betri mpya. Bwana Royce, aliyekulia kwenye misonobari ya kaunti hii, ndiye aliyeona kwamba gari lisilonguruma ni hazina kwa mwindaji. Akachukua kigari kilichokuwa kikiozea nyuma ya ghala, akakiinua inchi sita, akakifunga tairi za meno makubwa, akakipaka rangi ya majani makavu na kukiwekea kichanja cha kubebea kulungu. Kilikwenda mita mia mbili kikafuka moshi. Tairi kubwa hula nguvu, na mota ya kutembelea nyasi zilizokatwa haikuweza kilima cha mchanga. Akabadilisha mota, nyaya, na kisanduku kinachogawa umeme. Tangu hapo kila fundi mpya hapa hufundishwa hivyo hivyo: nguvu kwanza, urefu baadaye.

Baada ya nguvu, aliusaka ukimya. Alitia mpira chini ya kichanja, akafunga kitambaa kwenye kila mnyororo. Kisha ulikuja mtihani. Fundi mwenzake, Dewitt Causey, aliketi uani akiwa ameipa karakana mgongo, na bakuli la njugu za kuchemsha mapajani. Bwana Royce alimwendea na kigari kutoka nyuma. Akifika na kumvua kofia kabla hajageuka, kigari kimefaulu.

“Nimesikia boliti ya kushoto!” Dewitt alipiga kelele siku moja.

“Umesikia meno yako, Dewitt. Acha kutafuna.”

Kigari kilirudishwa ndani hata hivyo. Boliti ya kushoto ilikuwa imelegea.

Mwenye karakana, Bi. Carlene Pinckard, aliagiza wasifu huu uwe mfupi na wa furaha. Bwana Royce alipoulizwa ni jambo gani lisiachwe, alijibu, “Andika habari ya kijito. Usipoiandika hiyo, usiandike chochote.” Bi. Carlene amesoma aya zinazofuata na kuziruhusu.

Mwaka 2022 tulipokea kigari cha Bwana Alton Weems, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekuwa na miaka sabini na sita. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono na mguu wa kulia visivyohisi, na hakuweza tena kutembea hadi kwenye dungu lake la kuwindia. Binti yake, Bi. Nadine, ambaye ni muuguzi na anaishi naye, alikubali aende kwa kigari. Bwana Royce alihamishia kikanyagio upande wa kushoto, akakiinua kigari, akakinyamazisha. Mwisho akakata waya wa mlio wa rivasi, ule unaolia gari linaporudi nyuma. Kila mwindaji huomba ukatwe, maana kulungu huusikia kutoka mbali. Bwana Alton naye aliomba.

Lakini swichi ya rivasi ya kigari kile iko karibu na goti la kulia. Asubuhi ya pili ya msimu, Bwana Alton aligeuza kigari juu ya ukingo wa kijito, akadhani ameirudisha swichi mbele, akakanyaga. Kikarudi nyuma kimya kimya hadi majini. Alikaa kwenye maji ya kifua kwa saa mbili, mpaka binti yake alipomkuta.

Alilazwa siku nne. Bi. Nadine alichukua bunduki, ufunguo wa kigari na ufunguo wa gari lake kubwa. Watu kanisani walisema kwa upole kwamba akili ya mzee imeanza kumtoka. Baada ya wiki moja hata yeye mwenyewe alianza kuamini.

Kigari kilipovutwa hadi karakanani, Bwana Royce aliitazama swichi, akautazama waya aliokuwa ameukata. Bi. Carlene, aliyehofia mawakili, alimsihi angoje kwanza. Hakungoja. Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni kwa akina Weems, kofia mkononi.

“Bi. Nadine, akili ya baba yako haina kasoro. Ni mimi niliyekata waya ambao ungemwambia anarudi nyuma.”

“Yeye ndiye aliyekuomba, Bwana Royce.”

“Aliniomba, ndiyo. Na karatasi ya kazi ilisema mkono wake hauhisi. Niliisoma, nikakata tu kama ninavyowakatia wenye mikono mizima.”

Sauti ikatoka chumbani. “Sema tena, Royce! Sema kwa nguvu! Tangu Jumatano huyu binti ananiuliza leo ni siku gani!”

“Na Jumatano ulinijibu Ijumaa, Baba,” Bi. Nadine alisema, lakini alikuwa ameanza kulia.

Kwenye kambi za uwindaji za huku, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati na kutundikiwa ukutani. Jumatatu Bwana Royce alileta mkasi, akajikata pindo lake mwenyewe, akalipigilia misumari juu ya meza yake ya kazi. Kisha akaanza upya. Hakurudisha mlio. Chini ya kiti, upande wa paja la kushoto, alifunga mota ndogo inayotetema pale tu kigari kinapowekwa rivasi.

Bi. Nadine alikuja kukijaribu mwenyewe. Alimketisha baba yake, akamfumba macho kwa skafu, akabonyeza swichi huku na huku mara kumi.

“Nyuma. Mbele. Nyuma. Royce, kiti hiki hakina adabu! Mbele.”

Alipata zote kumi. Ufunguo wa kigari alirudishiwa palepale, na bunduki wiki iliyofuata.

Kufikia jana, vigari mia mbili na kumi na moja vya uwindaji vimetoka hapa na kiti cha namna hiyo. Hakuna kinachokatwa mlio bila kufungwa mtetemo kwanza.

Faili linaonyesha pia kwamba kwa miaka yote hii Bwana Royce hajawahi kuwinda siku ya kufunguliwa msimu, kwa kuwa ndiyo siku yetu yenye kazi nyingi kuliko zote. Mwaka huu msimu unafunguliwa Jumamosi, kesho yake baada ya kustaafu. Bi. Nadine ameomba tuchapishe ujumbe huu kama ulivyo: “Baba anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kiti cha pembeni ni chako. Njoo na kahawa yako, ya kwake haifai.”

Bwana Royce, wote wa Karakana ya Pinckard tunakushukuru. Tunakuombea afya, alfajiri nyingi tulivu pamoja na Bi. Verlene, na kulungu wasiosikia chochote. Jumamosi simu zitalia hapa tangu asubuhi, na huenda kazi ikatushinda tukakupigia.

Tafadhali usipokee.