Caritas, Aliyetukagulia Rangi Miaka Ishirini na Tisa

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne kwenye meza ya ukaguzi, Caritas anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Mkurugenzi ameniagiza niandike maneno ya kuchangamsha. Nitaanza nayo, lakini huko mbele siahidi kitu.

Alikuja kwenye kiwanda chetu cha uchapaji kutoka mtaa wa Musaga akiwa mpanga herufi. Haikupita muda akapewa kukagua karatasi ya jaribio, ile moja inayotolewa kabla mashine haijaachiwa kuchapa zote. Tangu hapo hakuna kilichochapwa bila saini yake. Naye hakutia saini kabla ya saa nne asubuhi, jua linapovuka paa la jirani na kuingia dirishani, maana taa, alisema, ni mwongo. Wateja walinuna, wakangoja. Karatasi aliigeuza kichwa chini ili asiisome, aone tu nafasi zilivyokaa. Ndivyo alivyookoa vyeti mia nane vya shule moja ya Kibenga, ambavyo kisu cha kukatia karatasi kingekata saini ya mkuu wa shule katikati. Mwenye baa mmoja wa Bwiza alitaka kalenda nyekundu kupita nyekundu. Caritas alimkalisha dirishani na karatasi sita hadi akachoka, akachukua ya kwanza. Sisi mafundi tulimwogopa kuliko mkurugenzi, na mkurugenzi naye alimwogopa.

Kazi aliyoipenda ni picha za marehemu kwenye programu za ibada ya kumaliza matanga. Mashine hazijui ngozi zetu. Hutoa watu wakiwa na rangi ya majivu, au wekundu wa matofali. Caritas aliomba familia ilete ndugu wa damu aliyefanana na marehemu, akamsimamisha dirishani na kulinganisha shavu na karatasi. Watu walilia pale, kisha wakashukuru.

Miaka miwili iliyopita nikaona anababaika kwenye manjano. Ilikuwa, kama tulivyojua baadaye, presha ya macho, inayoiba uwezo wa kuona kidogo kidogo. Hakumwambia mtu, nami sikuuliza. Nikawa nasimama karibu naye nikinung'unika kama mzee: manjano imezidi, bluu imepungua. Alisikiliza, akaandika marekebisho. Nilijiona mwerevu, nikidhani namsitiri.

Ijumaa ya Idi ya kuchinja, mwanzoni mwa mwezi huu, mimi nilikuwa kwangu Bwiza, nakula pilau. Ikaingia kazi ya haraka: programu za matanga ya binti wa miaka kumi na tisa, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini. Ndugu hawakupata nafasi ya kuja dirishani. Caritas alifika ingawa ni sikukuu, akakagua peke yake, akatia saini. Chance, fundi mwenzangu, akachapa mia tano bila kuuliza, kwa sababu saini ile haiulizwi.

Jumamosi asubuhi mama mzazi alikuja kufungua boksi. Familia ilikuwa imechagua picha ya kabla ya ugonjwa, na sisi tukampaka binti manjano usoni, hadi kwenye weupe wa macho. Mama hakupiga kelele. Alimwambia Caritas, "Mama, mumemurudishia ugonjwa yake." Akalibeba boksi, kwa kuwa misa ilikuwa saa tatu. Tulichapa nyingine mchana. Hakuna aliyekuja kuzichukua.

Jumatatu Caritas akaandika barua ya kustaafu, miaka mitatu kabla ya wakati wake. Daktari amesema kilichopotea machoni hakirudi, na kilichobaki kinaondoka. Aliniambia, "Mi niliona iko muzuri, Sulemani. Muzuri kabisa." Janga nililichuma mimi, amelila yeye, na inaniuma kila ninapowasha mashine. Tangu siku hiyo hakagui tena, na meza yake haijapata mtu. Sasa tunatia saini wenyewe, kwa zamu, na hakuna anayemwamini mwenzake.

Caritas, mafundi wote wanakushukuru. Huko nyumbani Musaga tunakuombea siku njema, na mwanga, hata ukiwa kidogo. Najua karatasi hii itakuwia taabu kuisoma. Christa, binti yako, atakusomea, na nimemwomba asiruke mahali hapa: nilijua miaka miwili nikanyamaza, na kosa ulilolitia saini ni langu.