Mzee Petro Gidahosh na Ndama wa Wadudu-Kibibi

Mzee Petro Gidahosh anastaafu tarehe 30 Juni 1988, baada ya kulitumikia shamba letu la ngano hapa Hanang kwa miaka kumi na saba. Alifika mwaka 1971 akifuata nyayo za ndama aliyepotelea kwenye ngano. Ndama alipatikana siku hiyohiyo na kurudishwa nyumbani. Petro alibaki, maana meneja aliona jinsi macho yake yalivyo makali akamwajiri kukagua wadudu.

Kila asubuhi alipita shambani akihesabu waharibifu na marafiki. Marafiki wakubwa ni wadudu-kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari wanaonyonya ngano. Daftari alilikataa katakata. Alihesabu kwa kokoto, na suruali zake zote zilitoboka mfuko wa kulia. Ndugu zake walimcheka kwamba ameacha ng'ombe akaenda kuchunga wadudu. Aliwajibu kwamba wadudu hawavunji boma.

Mwaka 1983 ililetwa dawa mpya ya viwavijeshi. Haiui papo hapo; humzuia mdudu mchanga asijivue ngozi na kukua. Tuliijaribu shamba namba tatu. Siku ya kumi bwana shamba mmoja kijana, mwenye diploma na kofia mpya, alimtangazia meneja kwamba wadudu-kibibi ni wazima, tena wamenenepa, hivyo kesho ndege inyunyizie mashamba yote. Jamani, bwana shamba huyo ni mimi, Ignasi, ninayeandika haya.

Mzee Petro aliuliza kwa upole: wazazi amewaona, je, ndama wako wapi? Tulicheka mpaka meneja akafuta machozi. Mzee hakucheka. Alisema kwao kundi zima likikosa ndama watu huanza kulia, hawasubiri ng'ombe wa mwisho afe. Akaomba shamba namba saba, ambako viwavijeshi hawajafika, iachwe bila dawa. Wadudu waharibifu wakiimaliza, yeye afukuzwe kazi. Alikuwa na watoto sita shuleni.

Nikaenda namba tatu kwa hasira, nimtafutie hao ndama, yaani wadudu-kibibi wachanga. Nilitambaa hadi adhuhuri. Walikuwepo, wamekauka, ngozi ya zamani imewakwama mgongoni. Nilirudi kama niliyemwagiwa maji, nikaomba ndege izuiwe. Meneja akasema imeshajazwa dawa, akaiacha namba saba tu.

Msimu uliofuata vidukari walituumbua kila mahali isipokuwa namba saba, na wadudu-kibibi wote tulionao leo walitokea humo. Fomu yetu ya ukaguzi sasa ina safu iitwayo Ndama. Wageni wa makao makuu hushangaa, nasi hatuwaelezi.

Kamati ya sherehe ilikuwa imechagua maksai mnene awe zawadi yake ya kustaafu. Nilipinga mpaka wakanichoka.

Shikamoo, Mzee Petro. Asante kwa kuniuliza swali lile. Wafanyakazi wote tunakutakia uzee wenye afya na boma lililojaa. Ng'ombe wako ni jike, na ndama wake yuko nyuma ya stoo. Nimeshaenda kumwangalia mara mbili.