Mayai Yale Hayakuwa Matupu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkamuaji wetu wa majogoo anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika shamba hili la kuku wa mbegu. Wenzake wanamwita Fundi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilifanya naye kazi miaka kumi na mitano, mimi nikiwa chumba cha kutotolea vifaranga. Sababu ya pili hawakuitaja, lakini wote mnaijua: nimemzaa mimi. Kwa hiyo mkiona nasifia kupita kiasi, nivumilieni.

Alianza kwa kufagia vizimba. Mwaka wa pili akapewa majogoo, na hapo ndipo Mungu alipomwonyesha kazi yake. Wageni mtakaosoma karatasi hii mnaweza kucheka, lakini si kazi ya kuchekwa. Jogoo hupapaswa mgongoni, kutoka kwenye mabawa hadi mkiani, haraka na kwa upole, kisha vidole viwili vinabana chini ya mkia na mbegu zinatoka, matone machache tu, ndani ya kikombe kidogo cha kioo. Kikiingia kinyesi hata chembe, unamwaga. Mbegu za kikombe kisicho na doa zinatakiwa ziwe zimepandikizwa kwa mitetea ndani ya nusu saa, mchana, wakishamaliza kutaga. Wengine walihitaji dakika tatu kwa jogoo mmoja na mikwaruzo juu. Mwanangu alihitaji sekunde ishirini. Meneja wa wakati ule alimpima kwa saa, mara mbili, kwa kutoamini.

Majogoo walimzoea yeye na koti lake la bluu lililopauka. Siku aliyopewa koti jipya jeupe hawakutoa hata tone, ikabidi arudi nyumbani kulifuata lile la zamani. Alipooa, mayai yenye mbegu yalipungua ndani ya wiki moja, na ofisi ikatuma dereva kuja kumchukua bwana harusi. Mkwe wangu akamwambia dereva, “Mchukueni, lakini mjue sikuambiwa kwamba naolewa penye wake wenza wenye vilemba vyekundu!” Jirani yangu naye aliwahi kunitania mbele za watu, eti mwanao kazi yake kuwakanda majogoo? Nikamjibu, “Ndiyo, na hao kuku unaofuga uani kwako wewe wameshuka na mvua?” Hakurudia.

Kwa miaka tisa alichagua majogoo wake mmoja mmoja, akabaki na kumi na wawili ambao hapajatokea tena wa kuwafikia. Katika kila mayai mia, tisini na mawili yalikuwa na mbegu. Ukuu wa kitengo ulikuwa wake, barua ilikuwa inasubiri sahihi tu.

Sasa nifike pale ambapo siwezi kuruka.

Miaka kumi na tisa iliyopita umeme ulikatika asubuhi. Jenereta ilipowaka, nilisahau kuwasha feni ya mashine ya pili ya kutotolea, joto likapanda mpaka saa sita. Sikumwambia mtu, nikaona jambo limepita. Siku nne baadaye nikayamulika mayai ya mashine ile kwa taa, kama kawaida ya siku ya saba tangu yawekwe. Gamba lilikuwa la kahawia, taa yenyewe hafifu, nikaona mwanga unapita tu. Utaratibu ni kuvunja machache uhakikishe. Mimi nilijulikana kwa jicho langu, nilijivunia kwamba sihitaji kuvunja. Nikaandika: matupu, zaidi ya nusu.

Yai tupu maana yake jogoo hana mbegu. Kesho yake majogoo wote kumi na wawili walichinjwa, na mwanangu akaandikiwa barua ya onyo kwa uzembe. Ukuu akapewa mwingine.

Wiki iliyofuata, nikisafisha trei zilizobaki za mayai yale, yai moja liliniponyoka. Ndani kulikuwa na duara la damu. Nikavunja la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa yameshaanza kuumba vifaranga, vikafa kwa joto langu. Kazi yake ilikuwa safi kabisa.

Jioni nilimfuata kwake nikamwambia yote. Akasema, “Mama, majogoo wameshaliwa. Umebakiza miezi minane ustaafu. Ukisema, watakutoa kwa aibu. Nyamaza.” Nikanyamaza. Nilistaafu kwa keki na makofi, yeye akiwa nyuma ya ukumbi anapiga makofi kuliko wote. Tangu hapo amefanya kazi chini ya wakuu watatu, na wote watatu ni yeye aliyewafundisha kushika jogoo. Sijawahi kumsikia akilalamika. Ingekuwa nafuu angelalamika.

Barua ile bado imo ndani ya jalada lake. Meneja wa sasa ni mgeni, huenda ameisoma akaiamini. Naomba kwa heshima itolewe kabla ya Ijumaa, na karatasi hii iwekwe mahali pake. Nimeitia sahihi. Mwanangu hajui nimeandika haya. Alinikataza, nami nimemtii miaka kumi na tisa, na utii ule ulikuwa woga wangu.

Fundi, kwa niaba ya wote uliowafundisha, asante kwa mikono yako. Nenda nyumbani na jina lako kamili. Siku zako zilizobaki ziwe njema na ndefu, na ukishamaliza kunikasirikia, njoo unywe chai kwangu.

Mama yako, aliyekuwa mmulika mayai